Nilivyokuwa "ranger wa Serengeti" kwa miaka mitatu, mpaka mbweha wa Aktiki akaniumbua

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Kazi yangu ni kucheka visa vya wenzangu na kupita bila hata kuacha like. Leo nimeona ni zamu yangu kuchekwa, kwa hiyo nimekaa chini niandike.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, hayakumpata "rafiki yangu mmoja". Kuongeza chumvi ndiko kulikoniponza, kwa hiyo humu nimeipunguza kabisa. Uzi ni mrefu kidogo, weka chai jikoni.

Niko Brussels, mwaka wa saba sasa. Naishi Laeken na nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Nawapikia, nawafulia, nawasomea barua, nawavusha barabara na kubishana nao kuhusu dawa. Kazi naipenda, ila mgongo wangu una maoni tofauti.

Mmoja wa wazee wangu ni Madame Josette, miaka themanini na moja, mwalimu mstaafu, anakaa ghorofa ya tatu kule Ixelles. Mimi ananiita Amisi. Jina langu ni Hamisi, lakini H nilishaisamehe mwaka wa kwanza.

Siku ya kwanza naingia kwake aliniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Yule mama uso ukamng'aa, akapiga makofi.

"Oh! Simba! Kwa hiyo wewe umekua na wanyama!"

Wakuu, mimi ni mtoto wa Temeke. Mnyama mkubwa niliyekua naye ni mbuzi wa jirani. Hifadhi nimeipita mara moja tu, Mikumi, nikiwa kwenye basi la Mbeya, tena usingizini. Jirani wa kiti aliniamsha nimwone tembo, nikageukia dirisha lisilohusika. Niliona mti, nikamwambia asante, nikalala tena.

Jibu sahihi nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilivyomwangalia alivyofurahi, nikaona nitakuwa mkatili.

Nikasema, "Ndiyo Madame. Nilikuwa ranger. Serengeti."

Sijui lilitoka wapi. Nadhani nilitaka apendezwe na mimi, maana siku ya kwanza kazini kila mtu anataka apendwe. Nikajua litapita.

Halikupita. Kila nilipokwenda alitaka kisa. Nikawa naingia kwenye tram nimeshika simu, naangalia video za simba kutoka Laeken mpaka kwake, ili nikifika niwe na kipindi kipya. Nilimsimulia chui aliyenifuata siku mbili. Nilimsimulia jinsi ranger wa kweli anavyonusa upepo kabla hajapiga hatua. Kuna nyati mmoja nilimpa mpaka jina, na siku nilipomuua yule nyati Madame alitoa leso.

Miaka mitatu nimeendesha kipindi hicho bila kupumzika.

Sasa sikilizeni kuhusu macho ya Madame, maana ndiyo kiini cha habari yote hii. Ana ugonjwa unaokula kuona kwake kuanzia katikati. Pembeni anaona kidogo, lakini kitu akikitazama moja kwa moja ni ukungu. Uso wangu anautambua nikimsogelea kama hatua mbili au tatu. Daktari alimwambia kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kinakwenda.

Yeye na dada yake walikuwa na ndoto ya tangu usichana: kwenda kwa meli kwenye visiwa vya Svalbard, juu kabisa ya dunia, kuangalia wanyama wa barafuni. Wakalipia cabin ya watu wawili. Wiki chache kabla ya safari dada mtu akaanguka bafuni, akavunjika nyonga.

Nilidhani safari imekufa. Madame akanikalisha chini.

"Amisi, nataka nione mnyama mmoja wa porini kwa macho yangu kabla hayajafunga. Mmoja tu. Na nani wa kunisindikiza kama siyo ranger?"

Wakuu, ningekataaje? Nilitakiwa niseme ukweli pale pale. Badala yake niliuliza kama kule kuna mtandao.

Siku ya safari nilipanda treni ya uwanja wa ndege kutoka stesheni ya Gare du Nord. Madame alikuwa anapelekwa na mpwa wake kwa gari, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na begi, nimevaa majaketi mawili mwezi wa saba. Nikamwona Maman Béa anakuja mbio kwenye ngazi.

Maman Béa ni jirani yangu, Mkongo wa Lubumbashi, mama wa watu wote pale kwenye jengo letu. Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu.

"Amisi, mutoto yangu! Unaenda kule kwa barafu, utakula nini? Bale bazungu ba mu bateau banakulaka samaki mubichi! Bon, shika. Ni ndakala, nilikaanga na pilipili kiloko. Weka mu poche, njaa ikikupata unatafuna. Hapana kukatala."

Ndakala ndiyo dagaa kwa lugha yao, bateau ni meli, poche ni mfuko. Na chakula cha mama mtu mzima aliyekufuata mpaka stesheni hukatai, hata kama mfuko unanuka mpaka abiria wa behewa zima wanageuka. Nilipokea kwa mikono miwili.

Tukaruka mpaka Oslo, tukaruka tena mpaka Svalbard, tukapanda meli.

Meli siyo kubwa, abiria hatukufika mia. Wengi wastaafu, Wajerumani, Wafaransa, Waingereza, kila mmoja na kamera yenye lenzi ya kutisha. Mweusi nilikuwa peke yangu. Na kabla sijafungua begi, Madame alikuwa ameshamaliza kunitangaza meza ya chai.

"Huyu ni Amisi. Alikuwa ranger Serengeti."

Kuanzia hapo nilikuwa mali ya umma. Mjerumani mmoja aliniuliza simba dume analala saa ngapi kwa siku. Mwingine akataka kujua nikikutana na dubu mweupe nitafanyaje. Niligundua kwamba swali lolote la wanyama lina jibu moja linalotosha: unaangalia mbali kidogo, unanyamaza, halafu unasema, "Inategemea na upepo."

Walikuwa wanatikisa vichwa kwa heshima. Na mimi, nawaambia ukweli, nilianza kupendezwa na huyo mtu wanayemwona.

Kiongozi wa msafara alikuwa mwanamke wa Kinorwe, Marit, mfupi, mkavu, bunduki begani kwa ajili ya dubu. Siku ya kwanza alitukusanya na kutupa sheria. Nguo zote za nje, viatu na mabegi ya mgongoni vilipitishiwa vacuum mpaka kwenye mishono, kusudi tusipeleke hata mbegu moja ya nyasi za kwetu kule. Kelele marufuku. Kuokota kitu marufuku. Kumsogelea mnyama marufuku. Na chakula hakishuki nchi kavu, hata pipi.

"Kuna mtu ana chakula mfukoni?" alikuwa anauliza kila tukipanga mstari wa kushuka.

Sasa wakuu, naomba mnielewe kwenye hili, maana wazungu hawakunielewa. Mimi nimelelewa kwamba chakula ni ugali au wali. Dagaa ni mboga. Tena dagaa wakavu wa kutafuna, bila hata kitu cha kuwasindikiza, hao siyo hata mboga, ni kitu cha kupitishia muda. Mtu kwetu anaweza kula karanga, muhogo na embe mbili, ukamuuliza umekula akakwambia tangu asubuhi sijatia kitu tumboni.

Kwa hiyo Marit alipouliza, nilisema hapana, na moyo wangu ulikuwa mweupe. Dagaa walikuwa mfuko wa ndani wa jaketi. Siku ya vacuum walikuwa bado wamo kwenye begi la nguo, chini ya soksi.

Na nisiseme uongo tena, njaa ilikuwepo. Maman Béa hakukosea. Asubuhi kulikuwa na samaki mbichi wa pinki aliyekatwa jani jani, na jibini ya kahawia yenye utamu wa ajabu.

Siku ya tatu meli ilitia nanga kwenye ghuba moja yenye mwamba mrefu uliojaa ndege, maelfu, kelele kama soko la Kariakoo. Abiria tuligawanywa makundi mawili, la asubuhi la wenye miguu ya kupanda na la mchana la wenye kukaa ufukweni. Madame alikuwa la mchana. Akaniambia nitangulie asubuhi nikamchunguzie mazingira, kama ranger.

Tukashuka kwa boti za mpira. Nilitembea nyuma ya kundi, upepo unanikata masikio, nikaingiza mkono ndani ya jaketi nikatoa dagaa wawili watatu nikatafuna. Wakuu, nilipata nguvu. Nikatoa tena. Na glavu zile nene zikawa zinaangusha nusu chini bila mimi kujua.

Kugeuka, kuna kitu kinanifuata.

Mimi nilidhani mbweha wa kule ni mweupe, kama wa kwenye kalenda. Huyu alikuwa wa kijivu na kahawia, manyoya yananyonyoka, mwili wa paka wa kichochoroni. Nikasimama, naye akasimama. Nikatembea, akatembea. Nikakata kushoto, akakata kushoto.

Mbele yangu watu wakaanza kugusana mabega, kamera zikaanza kulia. Nikasikia mtu ananong'ona, "Angalieni, anamfuata. Anamfuata ranger."

Mimi nilishajua. Nilishaona dagaa mmoja chini, na nilishamwona mbweha anamwokota. Lakini mngekuwa nyie? Watu hamsini wamekodoa macho, wengine wameshika vifua. Nikapunguza mwendo, nikainua kidevu, nikanusa upepo.

Hiyo ya kunusa upepo ndiyo inayoniuma mpaka leo, kwa sababu picha yake ipo.

Marit alikuwa juu kwenye mwinuko analinda tusivamiwe na dubu, kwa hiyo alimwona mbweha kwa mbali tu. Niliona anashusha darubini na kuandika kitu kwenye kidaftari chake. Nikadhani anaandika sifa zangu.

Mchana tukashuka na Madame. Nilimketisha kwenye kiti cha kukunja, nikamfunika blanketi, nikaanza kazi ya kumwelekeza. Pale juu Madame, ndege. Pale mbali, kulungu wawili. Alikuwa anageuza kichwa kila ninapoonyesha, anatabasamu, anasema "ndiyo, ndiyo." Baada ya muda akanigusa mkono.

"Amisi, usihangaike. Sioni kitu. Nasikia tu."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana nilishindwa kuvumilia. Zile siku tatu alikuwa anaitikia kila kitu ili asituharibie sisi furaha yetu.

Nikaangalia huku na huku. Marit alikuwa ametupa mgongo. Nikaingiza mkono ndani ya jaketi, safari hii kwa makusudi, nikatupa dagaa kumi hivi mbele ya kiti cha Madame, hatua mbili kutoka miguuni kwake. Halafu nikatulia.

Haikuchukua muda. Yule bwana mdogo akatokea nyuma ya jiwe, akaja moja kwa moja. Akasimama mbele ya Madame anatafuna, masikio yamesimama, anamwangalia.

Madame aliinama taratibu. Aligeuza kichwa upande kidogo, maana ndivyo anavyotumia ule ukingo wa jicho uliobaki. Kisha nikaona machozi yanashuka.

"Ana macho ya rangi ya asali," akasema.

Wakuu, mimi nililia pia. Sitaki maswali.

Ile jioni kabla ya chakula kulikuwa na kikao cha kawaida ukumbini, guide wanaeleza tulichoona na ratiba ya kesho. Nilikaa mbele na Madame, watu wananipiga piga mgongo. Kulikuwa na mama wa Kifaransa aliyekuwa ameshaomba nimsainie ramani yake, na nilikuwa nimeshasaini.

Marit akapanda mbele. Hakuwa na uso wa kusifu mtu.

Akasema kuna jambo zito. Mbweha wa ile ghuba amewasogelea watu mara mbili kwa siku moja, bila woga wowote, mpaka hatua mbili. Akasema katika visiwa vile kichaa cha mbwa kipo, na dalili ya kwanza inayojulikana ni hiyo, mnyama wa porini kupoteza woga wa binadamu. Sheria inamtaka atoe taarifa kwa mamlaka ya visiwa. Ataandika usiku ule. Kwa kawaida wanakuja, wanampiga risasi, wanapeleka kichwa maabara.

Kisha akauliza kama kuna mtu mbweha alimgusa au kumlamba.

Hakuna aliyeinua mkono. Mimi nilihisi joto linapanda kutoka kwenye viatu. Kichwani nilikuwa na hesabu za haraka za mtu mwoga: labda hawatampata, labda watampima wakiona mzima watamwacha. Lakini alishasema kinachopimwa ni kichwa.

Nikaamua ninyamaze. Naandika hili kwa aibu, lakini niliahidi ukweli. Nilikuwa nimeamua kunyamaza.

Ndipo Madame akanishika mkono, akasimama, akasema kwa sauti ya mwalimu, ile inayofika dawati la mwisho.

"Ngojeni. Tunaye mtaalamu hapa. Amisi ameishi na wanyama maisha yake yote, na huyu mbweha amesimama mbele yake. Amisi, waambie. Waambie haumwi."

Vichwa vyote vikanigeukia. Marit naye akanigeukia, na alikuwa ananisubiri kweli, maana hata yeye hakupenda kuandika ile taarifa.

Nikasimama. Nikasema, "Haumwi."

"Umejuaje?" Marit akauliza.

Hapo wakuu kulikuwa na njia mbili. Jibu la upepo lilikuwa tayari mdomoni, limezoea kutoka lenyewe. Nikafungua jaketi. Nikatoa mfuko wa Maman Béa, umebaki fundo moja, nikauweka juu ya meza.

Harufu ilifika kabla ya maelezo. Safu ya mbele walirudi nyuma.

"Hakuwa ananifuata mimi," nikasema. "Alikuwa anafuata hawa. Asubuhi walianguka kwa bahati mbaya. Mchana niliwatupa mwenyewe. Mbweha ni mzima, ana njaa tu."

Ningeweza kukaa hapo. Lakini Madame alikuwa bado amenishika mkono, na niliona kama nitabakisha hata kipande, kitanifuata mpaka Brussels.

"Na mimi siyo ranger. Sijawahi kuwa. Simba sijawahi kumwona. Nilikuwa nauza vocha na vifuniko vya simu Temeke."

Mkono wa Madame ukatoka kwenye wangu.

Marit hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliniuliza ni dagaa wangapi, wamekaangwa na nini, wana chumvi kiasi gani. Nikajibu kama niko polisi. Nilipofika kwenye ile hoja yangu ya mboga na chakula, aliniangalia kwa muda mrefu, akaandika kitu, akapiga mstari juu yake.

Adhabu yangu ilikuwa kutokushuka tena mpaka mwisho wa safari. Jaketi langu lilipelekwa kufuliwa mara mbili. Asubuhi yake Marit na mwenzake walirudi kwenye ile ghuba kabla ya abiria kuamka, wakajificha mbali wakiwa na darubini. Walimwona mbweha. Alipowanusa tu akakimbia, na baadaye wakamwona chini ya mwamba anakamata makinda ya ndege kama kawaida yake. Taarifa ikaandikwa hivyo: mnyama mzima, alilishwa na abiria. Hawakuja kumpiga risasi.

Kwa hiyo mahali fulani kwenye mafaili ya visiwa vile kuna karatasi inanihusu. Wengine wanaacha majina yao kwenye milima.

Siku mbili Madame hakusema na mimi zaidi ya "asante" na "chumvi tafadhali". Kushuka alikuwa anasaidiwa na Mjerumani wa maswali ya simba, ambaye naye alikuwa ananipita kama nguzo. Walikwenda kuangalia walrasi, yale manyama makubwa yenye meno mawili kama pembe, yanalala yamebebana. Mimi niliwaangalia kwa mbali kupitia dirisha la chumba cha kufulia. Dubu mweupe alipoonekana kutoka kwenye deck, meli nzima ilikimbilia upande wa kulia. Mimi nilikimbilia kushoto. Nadhani ni tatizo la kuzaliwa nalo.

Siku ya tatu nilimkuta amekaa nje peke yake, blanketi magotini. Nikamletea chai. Nilipogeuka kuondoka akasema, "Kaa."

Nikakaa.

"Yule nyati niliyemlilia," akasema. "Hakuwepo?"

"Hakuwepo, Madame."

"Dada yangu naye alimlilia. Nilimsimulia kwenye simu. Unajua mimi vitabu siwezi tena kusoma, televisheni ni ukungu. Wewe ndiye ulikuwa dirisha langu, Amisi. Na ulikuwa unanichorea ukutani."

Wakuu, nimetukanwa sana katika maisha yangu, na wateja, na mwenye nyumba, na dereva wa tram aliyenifungia mlango. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama lile, na halikuwa tusi. Nilimwomba msamaha. Sikuwa na maneno mengi, nilisema samahani mara nyingi tu.

Akanywa chai mpaka nusu. Halafu akauliza, "Sasa kweli mlikuwa na wanyama gani kwenu?"

Nikamwambia kuku. Kuku wa mama, kumi na mmoja. Nikamwambia kuhusu jogoo mmoja aliyekuwa anamchukia mjomba wangu peke yake, akimsikia tu anapiga hodi anajipanga mlangoni. Nikamwambia kuhusu mbuzi wa jirani aliyekula shati langu la shule likiwa kwenye kamba siku moja kabla ya mtihani wa darasa la saba, nikaenda kufanya mtihani na blauzi ya dada yangu, na msimamizi akawa ananiita binti.

Alianza kucheka kwenye jogoo. Kwenye blauzi alimwaga chai.

"Hiki mbona hujawahi kuniambia?" akauliza.

Nilidhani hakuna mtu Brussels anayehitaji kuku wa Temeke.

Tulirudi. Maman Béa alikuwa wa kwanza kudai habari, nikamweleza yote kuanzia mwanzo. Alisikiliza ameshika kiuno. Uongo wangu wa miaka mitatu haukumshtua hata kidogo.

"Donc ndakala yangu, ile nilikaanga masaa mbili, ulipatia imbwa?"

"Siyo mbwa, maman. Ni mbweha."

"Iko na mukia?"

"Anao."

"Bon. Ni imbwa."

Mpaka sasa hajanipa mfuko mwingine.

Madame hakunifukuza. Nilikuwa nimeshajiandaa, hata funguo zake nilikwenda nazo mkononi siku ya kwanza. Alifungua mlango, akaniambia, "Rudisha hizo mfukoni, vaa koti, tunatoka." Tulikwenda kwenye bustani moja ya wanyama nje ya mji. Aliniongoza yeye, maana njia anaijua tangu enzi za kupeleka wanafunzi. Mimi nilibeba begi lake na sandwichi.

Tukasimama mbele ya kioo. Upande wa pili alikuwa amelala simba dume. Akanyanyuka, akaja mpaka kwenye kioo, akasimama. Kichwa chake kilikuwa usawa wa kifua changu.

Nina miaka thelathini na nane, mzaliwa wa Tanzania, na simba wangu wa kwanza nimemwona Ubelgiji, nimeshika begi la bibi wa Kibelgiji ambaye hamwoni vizuri.

Madame aligeuza kichwa upande, akajaribu, akaacha. Akanishika mkono. "Mimi nimebaki na ukungu," akasema. "Haya. Safari hii niambie kilichopo."

Nilimwangalia yule mnyama muda mrefu. Nilikuwa na miaka mitatu ya maneno kuhusu simba, na hakuna hata moja lililofaa.

"Ni mkubwa, Madame," nikasema. "Ni mkubwa kuliko nilivyokuwa nakudanganya."

Basi wakuu, ndiyo hivyo. Nilichojifunza ni kwamba mtu akikuuliza unatoka wapi, mwambie unapotoka kweli, hata kama ni kuku na mbuzi. Nilijiona sina cha kusimulia, nikaazima maisha ya mtu mwingine, na wakati wote huo jogoo wa mama alikuwepo.

Sasa nanyi msinicheke bure. Najua sipo peke yangu huku ughaibuni niliyewahi kuambiwa "oh, simba!" na kuitikia. Wewe ulijibu nini? Semeni hapa chini, na anayesema alijibu ukweli aambatanishe picha yake na simba.